Nani Mwenye Ruhusa ya Kusimamisha Mchezo?

Mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba huko Bariadi, ametuandikia barua ambayo, kwa maoni yangu, ingeweza kuandikwa na mzazi ye yote katika mji wo wote wa nchi hii. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 11 na aliye darasa la tano, aligongana vichwa na mwenzake walipokuwa wakicheza mpira mtaani saa za jioni. Akaanguka. Akalala chini kwa muda ambao wenzake waliukadiria kuwa wa kuhesabu mpaka kumi, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akauliza: "Sisi tunashambulia goli lipi?" Wenzake wakacheka sana, wakamwonyesha goli, na mchezo ukaendelea hadi giza lilipoingia. Usiku ule mtoto alitapika mara mbili na kulalamika kichwa. Asubuhi aliamka akiwa hana tatizo la kuonekana, akaenda shule. Tangu siku hiyo baba mtu amepiga marufuku mpira nyumbani mwake. Mama anauliza kama marufuku hiyo ni ya haki, kwa maana mtoto amenyong'onyea na hata chakula hali vizuri.

Nianze na hiyo marufuku, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto wake, pamoja na chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo mbele ya sheria mpira si zawadi ambayo baba huitoa akifurahi na kuinyang'anya akikasirika. Lakini hata tukiiacha sheria pembeni, mzazi mwenye busara atajiuliza marufuku ya namna hii itafanya kazi gani. Bariadi ni mji wenye nafasi. Kila penye uwanda kati ya nyumba na nyumba pana magoli ya mawe mawili, na mpira wa soksi hauhitaji fedha. Mtoto aliyekatazwa atacheza kwa siri, na anayecheza kwa siri huumia kwa siri. Siku akigongwa tena hatamwambia mama yake kwamba ametapika. Atakwenda kutapikia nyuma ya choo, afukie, arudi ndani akiwa kimya. Baba wa nyumba hii ametenda kwa uchungu wa mzazi, nami simlaumu, ila amejinyima habari pekee ambayo ingemsaidia.

Kilichonitisha katika barua hii ni lile swali la mtoto na kile kicheko cha wenzake. Mtoto aliyecheza nusu saa nzima, halafu akasahau goli lake ni lipi, ameonyesha dalili ya ugonjwa iliyo wazi kama homa. Waganga huiita hali hiyo mtikisiko wa ubongo. Wako wengi wanaodhani kwamba mtu hawezi kuumia ubongo pasipo kuzimia, au pasipo damu kutoka, au pasipo nundu kubwa kichwani. La hasha. Wengi kati ya wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Husimama, hutembea, huongea, na asiyewajua vema atasema hawana kitu.

Wasukuma wenzangu walioona bibi zao wakisukasuka maziwa watanielewa upesi. Maziwa humiminwa ndani ya kibuyu, kibuyu kikatikiswa mpaka siagi ijitenge. Kibuyu hakipasuki, wala kwa nje hakionyeshi alama yo yote, lakini kilichomo ndani hakiko tena kama kilivyokuwa. Ubongo nao umekaa ndani ya fuvu katika majimaji, laini, na kichwa kinapogongwa na kusimama ghafula, wenyewe huendelea kwenda mpaka ugonge ukuta. Unaweza kukifunga kibuyu kile kwa blanketi, ukakilinda kisipasuke. Maziwa yatatikisika vile vile.

Hili la blanketi nalisema kwa sababu kila ninapozungumza na wazazi juu ya usalama wa watoto michezoni, mtu mmoja huinuka na kusema kwamba wenzetu wa nchi tajiri wana vifaa, sisi hatuna, na kwa hiyo hatuna la kufanya. Hebu tuwaangalie hao wenye vifaa. Uko mchezo uitwao lakrosi, ambao wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waliucheza kabla ya mzungu kufika. Mchezaji hushika fimbo yenye kijifuko cha wavu kwenye ncha, na kwa hicho hudaka mpira, hukimbia nao, na kuurusha golini. Kijana aliyekulia machungani Meatu au Itilima, ambaye fimbo haijamtoka mkononi tangu akiwa na miaka sita, angeujua mchezo huu kwa siku mbili. Ulichezwa katika Olimpiki ya 1904 na ya 1908, na umepangwa kurudi katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuupokea. Mwaka 2014 walikwenda Denver, Marekani, wakawa taifa la kwanza la Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya mchezo huo, na Wakenya nao wamefuata.

Mpira wa lakrosi ni mdogo, una uzito wa karibu gramu 145, na ni mgumu karibu kama jiwe. Ndiyo maana wavulana huvaa kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso, glavu nene, vikinga mabega na kikinga meno. Wasichana wa Marekani walilazimishwa kuvaa miwani ya kukinga macho tangu mwaka 2005. Siku hizi wavulana huko huvaa pia kikinga kifua cha aina maalumu, kwa kuwa iligundulika kwamba mpira ukimpiga mtoto kifuani katika nukta fulani ya pigo la moyo, moyo waweza kusimama papo hapo. Mtoto huvaa vyote hivyo, hata ukimtazama waweza kudhani anakwenda vitani. Je, wamekwisha kuumia? Hapana. Kofia imezuia mafuvu kupasuka na sura kuharibika, na hilo si dogo. Mtikisiko wa ubongo haikuuzuia. Kwa sababu hiyo wenye mchezo wamelazimika kufanya jambo ambalo halinunuliwi dukani: kuweka pembeni ya uwanja mtu mzima mwenye amri ya kumtoa mtoto mchezoni, na kanuni kwamba aliyetolewa kwa kushukiwa kichwa harudi siku ile, hata kama ni mfungaji bora, hata kama ni fainali.

Sisi hatuna kofia. Huyo mtu mzima tunaye, tena bila gharama, na hatumtumii.

Sababu ya kanuni hiyo ni nzito. Mwezi wa Januari mwaka 2011, mvulana wa miaka 14 huko Ireland ya Kaskazini aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga, akaendelea kucheza, na dakika za mwisho akaanguka. Hakuamka tena. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba ubongo ukiwa bado haujapona pigo la kwanza, pigo la pili, hata likiwa dogo, laweza kuufanya uvimbe kwa kasi isiyozuilika. Watoto na vijana ndio walio katika hatari zaidi. Wazazi wake walifanya kazi ya miaka kuwaeleza wenzao, na mwaka 2015 Scotland ilitoa mwongozo mmoja kwa michezo yote: ukiwa na shaka, mtoe. Kumbuka kwamba hawakusema ukiwa na hakika.

Rudi sasa Bariadi, kwenye uwanda ule wa jioni. Kati ya watoto 20 hakuwapo hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kusema "mchezo umekwisha kwako." Mtoto mwenyewe hawezi kulisema. Akili anayopaswa kuitumia kujipima ndiyo hiyo iliyotikiswa, na zaidi ya hapo hataki kuonekana mwoga. Wenzake hawawezi, kwa kuwa wataachwa pungufu. Na watazamaji? Sisi watu wa Usukuma tunajua nguvu ya watazamaji. Wagika na Wagalu wanaposhindana kwa ngoma, mshindi ni yule anayevuta umati upande wake, na mchezaji atafanya lo lote ili umati usihame. Ngomani hilo ni sanaa. Kwenye mpira wa watoto umati huo huo hupiga kelele, "Inuka, wewe mwanamume! Mpira ndivyo ulivyo!" Mtoto wa miaka 11 atainuka hata kama haoni vizuri. Nimewasikia akina baba wenye heshima zao wakizisema kelele hizo, tena juu ya watoto wao wa kuzaa.

Ninachopendekeza ni kitu chepesi. Kila uwanja wa mtaani uwe na mtu mzima wa zamu. Wazazi wa watoto wale wakutane mara moja, mwenyekiti wa mtaa akiwapo, wagawane siku. Jumatatu mama fulani, Jumanne mzee fulani, na kadhalika. Mwenye zamu haitaji kujua sheria za mpira. Aweza kuja na kigoda chake na mboga zake za kuchambua, akaketi chini ya mwarobaini. Apewe filimbi. Watoto waambiwe mbele ya wazazi wao wote kwamba filimbi ile ikilia mchezo husimama bila ubishi, na kwamba mtoto atakayetolewa hakufukuzwa, wala timu yake haitahesabiwa kushindwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mnavyofikiri; bila hilo watoto watamficha aliyeumia.

Mtu huyo awe anayejulikana na kuaminiwa na wazazi wote, na mazoezi yafanyike mahali pa wazi. Asiwepo kocha wa kuondoka na mtoto mmoja peke yake kwenda kusikojulikana, hata awe hodari namna gani. Sina haja ya kuendelea, wazazi mmenielewa.

Katika shule mambo yana utaratibu zaidi, kwa sababu mwalimu wa michezo yupo. Ila mwezi wa Mei na Juni, timu zinapoandaliwa kwa ajili ya UMITASHUMTA, mwalimu mmoja huweza kukabidhiwa watoto wa soka, netiboli na riadha kwa wakati mmoja, na kila shule inataka kutoa wachezaji wa kwenda wilayani na mkoani. Hapo ndipo mtoto mwenye kipaji hujikuta hana wa kumtetea, maana kila mtu anamhitaji acheze. Kamati za shule zingefanya vema kumpa mwalimu wa pili, asiye kocha, madaraka ya kumtoa mtoto, na kocha asiwe na uwezo wa kuyatengua.

Mwenye zamu akifika uwanjani, kazi yake ya kwanza ni kuuzunguka kabla watoto hawajaanza. Aangalie vipande vya chupa, misumari, mabati, miiba ya migunga, na mashimo ambayo mvua imeyachimba. Atikise nguzo za magoli, kwa sababu mti uliosimikwa mwaka juzi waweza kuwa umeliwa na mchwa chini ya ardhi huku juu unaonekana mzima. Kama magoli ni ya chuma na huhamishwa, yafungwe au yawekewe mizigo mizito, na mtoto asininginie kamwe kwenye mwamba wa juu. Goli la chuma likimwangukia mtoto huua. Halafu aangalie mpira ukitoka unakwenda wapi. Msimu wa kununua pamba unapoanza, kuanzia mwezi wa Mei, malori huingia na kutoka mjini mchana na jioni, mbali na pikipiki ambazo hazina msimu. Mtoto anayefuata mpira hamwoni dereva. Uwanja ulio kando ya barabara ya kwenda Lamadi au Maswa uhamishwe, au magoli yageuzwe ili mashuti yaelekee upande mwingine.

Juu ya mpira wenyewe nina neno. Mpira wa watu wazima, ule wa namba 5, una uzito wa gramu 410 hadi 450, na ukilowa maji huku ngozi yake imechakaa huwa mzito zaidi. Watoto wa shule ya msingi wanafaa kuchezea namba 4, na wale wadogo kabisa namba 3. Mpira wa soksi wa watoto wetu, ambao wengi huudharau, kwa kichwa cha mtoto ni salama kuliko ule wa dukani uliolowa. Mwaka 2002 alifariki Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa Uingereza aliyesifika kwa mabao ya kichwa, akiwa na miaka 59 tu na akili zake zimekwisha kupotea. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kazi yake ya kupiga mipira kwa kichwa ndiyo iliyochangia. Marekani ilikataza mwaka 2015 watoto wa miaka 10 na chini ya hapo kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikayaondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Sisi tuna waalimu ambao bado huwapanga watoto mstari mmoja na kuwarushia mipira ya kichwa 20 kila mmoja. Mazoezi hayo yaachwe. Mtoto atajifunza kichwa akiwa mkubwa na shingo yake ikiwa imekomaa.

Jua la Simiyu halihitaji maelezo. Watoto wanywe maji kabla ya kuanza, na mchezo usimame kila baada ya robo saa wanywe tena kivulini; mtoto mwenyewe hakumbuki kiu mpaka azidiwe. Akianza kuyumba, au kuumwa kichwa, au kuongea mambo yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji na kupepewa, naye apelekwe hospitali bila kungoja.

Hapa lazima niwataje watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na Kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto huyu akikaukiwa maji mwilini, akichoka kupita kiasi au akipigwa na baridi ya mvua, maumivu yake humrudia kwa ukali. Wazazi wengi, kwa kuogopa hayo, humfungia ndani akawatazama wenzake dirishani. Acheze. Mwenye zamu aambiwe hali yake, mtoto apumzike kila anapotaka pasipo kuulizwa, anywe maji zaidi ya wengine, asicheze mvuani, na asihesabiwe kwenye mashindano ya kukimbizana mpaka mtu achoke. Kama mzazi hajui mtoto wake ana hali gani, lakini mtoto huumwa viungo na kupungukiwa damu mara kwa mara, amwone mganga akamwombee kipimo.

Sasa nifike kwenye radi, jambo ambalo kwa upande wetu wa nchi linapaswa kuogopwa kuliko goti lililochubuka. Bonde la Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kabisa duniani, na radi za nchi kavu hupenda saa za alasiri, yaani saa zile zile ambazo watoto wako uwanjani. Tarehe 27 Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, waliuawa na radi wakiwa shuleni. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi moja wilayani Kiryandongo, Uganda.

Lakini tukio linaloihusu habari yetu hasa lilitokea Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, mwezi wa Agosti mwaka 2020. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Mvua ikaanza. Wakafanya jambo ambalo kila mtoto wetu angelifanya: wakaacha mchezo, wakakimbilia kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa karibu, wakangoja mvua ipite. Radi ikawakuta humo. Walikufa watoto 10.

Nawaomba wazazi waisome habari hiyo mara mbili, kwa maana watoto wale hawakuwa wakaidi. Walijikinga na mvua, kwa sababu mvua ndiyo waliyofundishwa kuikimbia. Hakuwapo wa kuwaambia kwamba kibanda cha nyasi huzuia maji na hakizuii radi. Kwamba mti mkubwa ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko pote. Na kwamba goli la chuma na waya wa uzio ni vya kuepukwa. Na pengine hakuwapo wa kusimamisha mchezo ngurumo ya kwanza iliposikika, wakati watoto bado wangeliweza kufika kwenye jengo la maana. Kanuni ni hii: ngurumo ikisikika, filimbi ilie, hata kama jua linawaka na wingu liko mbali kule upande wa Busega. Radi huweza kupiga kilometa 10 na zaidi kutoka mahali mvua inaponyesha. Watoto waende kwenye jengo kubwa lenye kuta imara, wakae mbali na madirisha, mabomba na nyaya, au waingie ndani ya gari la bati lililofungwa vioo. Mchezo usirudiwe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa hiyo mwenye zamu ajue mapema, kabla ya msimu wa mvua, ni jengo gani na nani mwenye ufunguo wake. Shule nazo ziulizwe kama zina mtego wa radi, na kama waya wake ungali unafika ardhini.

Wapo bado wanaosema kwamba radi hutumwa na mtu, na kwa imani hiyo huogopa kumgusa aliyepigwa. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Aguswe mara moja. Kama hapumui wala hana mapigo, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Wengi wangepona kwa njia hiyo. Ndivyo afanyiwavyo pia mtoto aliyezimika ghafula baada ya kupigwa na mpira kifuani.

Jambo jingine ni la usafiri. Mtoto akianguka vibaya, desturi yetu ni kumpandisha pikipiki, akaa katikati, mtu mmoja nyuma akamshikilia, na safari ya hospitali ikaanza kwa mwendo wa kasi. Kwa mkono uliovunjika, haidhuru. Kwa mtoto aliyeumia shingo, safari hiyo yaweza kumpoozesha maisha. Akilalamika shingo, au akisema mikono au miguu yake inakufa ganzi, au akiwa hajitambui, asiinuliwe wala kukalishwa. Mtu mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, wengine watafute ubao au mlango, alazwe chali na kupelekwa kwa gari, hata la mizigo. Akianza kutapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili kama gogo. Wazazi wa mtaa wangekubaliana mapema ni gari la nani litakaloitwa, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya mwenye zamu.

Namjibu sasa mama wa Bariadi kwa ukamilifu. Mpeleke mtoto hospitali wiki hii, hata kama anaonekana mzima, ukamweleze mganga juu ya kutapika na juu ya lile swali la goli. Asicheze mpira wala kupanda miti mpaka apimwe. Na siku nyingine, tuombe isiwepo, mtoto akigongwa kichwa, dalili hizi zikionekana apelekwe usiku huo huo bila kungoja asubuhi: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito wa kutoamshika, degedege, kuchanganyikiwa, mboni za macho kutolingana, udhaifu wa upande mmoja, au maji mepesi yanayotoka puani au sikioni. Huyu wako alitapika mara mbili, alistahili kupelekwa. Kumkesha mtoto kwa kumpiga makofi asilale, kama wengi wafanyavyo, hakumsaidii. Aliyekwisha kuonwa na mganga alale, na mtu mzima awe karibu akimwangalia. Kwa maumivu apewe parasetamoli pekee, asipewe aspirini wala diklofenaki siku hizo za kwanza, kwa kuwa huweza kuzidisha damu kutoka.

Kurudi uwanjani kuna ngazi zake. Siku moja au mbili za kupumzika, kisha matembezi na kazi ndogo za nyumbani, kisha shule, na mwalimu aambiwe kwamba mtoto aweza kuchoka upesi au kusahau. Shule itangulie mpira. Baadaye mbio ndogo, halafu kuchezea mpira peke yake, halafu na wenzake. Dalili zikirudi, arudi nyuma ngazi moja. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba mchezaji wa kawaida asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, nami sioni kwa nini mtoto wa Bariadi apewe chache kuliko hizo. Baba akubali kuiondoa marufuku, badala yake aweke siku, na siku hiyo ikifika ampeleke mtoto uwanjani yeye mwenyewe, na zamu ya kwanza ya filimbi aishike yeye.

Nafasi imebaki ya jambo moja dogo, ambalo kwa mkoa wa wafugaji ni bahati. Jino la utu uzima likitoka zima kwa kugongwa, msilitupe. Lishikwe upande wa kutafunia, lisishikwe mzizi. Kama lina mchanga lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni mwake pale pale, au litiwe ndani ya kikombe cha maziwa mabichi na mtoto akimbizwe kwa mganga wa meno kabla ya saa moja kupita. Likiwa ni jino la utotoni lisirudishwe. Mtoto wa darasa la tano huwa na yote mawili mdomoni, kwa hiyo msiopambanua lipi ni lipi, litieni kwenye maziwa na kwenda nalo, mganga ataamua.